Wembe Upo, Ruhusa Haipo: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Afya Mombasa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa,
Waziri wa Afya wa Kaunti,
Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti,
na wahusika wote katika Wizara ya Afya, Nairobi.

MINTARAFU: UPASUAJI WA DHARURA NJE YA HOSPITALI

Waheshimiwa,

Hamjambo, na poleni na kazi. Ombi langu nalitoa mapema. Amueni, kwa maandishi, ni upasuaji gani mhudumu wa ambulensi wa Mombasa anaruhusiwa kuufanya akiwa barabarani, juu ya kivuko au chini ya kifusi, pale ambapo mgonjwa hatafika hospitali akiwa hai. Kisha wafundisheni wanaofaa, wapeni vifaa, na msimame nyuma yao. Leo ukiwauliza wahudumu wenyewe, kila mmoja atakupa jibu lake, na wengine watainamisha kichwa tu.

Nazungumzia mambo mazito. Kupasua koo ili hewa ipite. Kutoboa ubavu. Kukata mguu ulionaswa. Kumtoa mtoto tumboni mwa mama ambaye moyo wake umesimama. Na lile zito kuliko yote, kufungua kifua kizima pale pale mtu alipoanguka. Yote haya yamewahi kufanywa nje ya hospitali na watu wakapona, na mengine yamefanywa na watu wakafa vilevile. Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura na ni mkaazi wa Likoni. Nitasema ninayoyataka na nisiyoyataka.

Mji wetu mnaujua. Kusini tunategemea kivuko, ambacho kwa hesabu za wenyewe huvusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku. Kaskazini kuna daraja la Nyali, magharibi Makupa. Pale Likoni ambulensi hupishwa, na nawashukuru wanaoipisha, lakini kupishwa hakukiiti kivuko kilicho ng'ambo. Lazima kije, kiteremshe watu, mikokoteni na magari, ndipo muingie. Maji yakipwa sana siku za bamvua, rampu huwa na mteremko mkali na dereva hushuka kwa kubembeleza, huku nyuma mtu amefungwa kwenye machela. Njia ya Dongo Kundu imesaidia, ila kwa mtu wa Shelly Beach au Mtongwe ni kuzunguka mpaka Miritini, kisha kurudi mjini kupitia Changamwe katikati ya malori ya bandari. Ubongo ukikosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi. Ipimeni hesabu hiyo na foleni ya Nyali saa kumi na moja jioni.

Mficha uchi hazai, kwa hivyo nitaeleza tukio moja kama lilivyokuwa.

Kijana wa bodaboda alilivaa lori lililoegeshwa bila taa, upande wa Bombolulu. Uso wote ulivunjika. Taya lilikuwa limelegea, damu na meno vimejaa mdomoni, na kila akijaribu kuvuta pumzi koo lilikoroma likaziba. Mhudumu aliyemleta alikuwa amepiga magoti kichwani pake njia nzima, mkono mmoja umeinua taya, mwingine umeshika mpira wa kunyonya damu. Mlango wa gari ulipofunguliwa aliniambia, "Sista, hewa haipiti tangu tuko darajani." Daktari wetu alimpasua chini ya kikoromeo na kuingiza mpira, na haikupita hata dakika moja. Kifua kikapanda na kushuka vizuri kabisa. Lakini moyo ulikuwa umeshasimama, na tulipoushughulikia haukurudi.

Baadaye nilimkuta yule mhudumu akiosha machela. Kazi ile ya kupasua koo alikuwa amefundishwa. Ndani ya ambulensi mlikuwa na pakiti ya kuzalishia, na kila pakiti ya kuzalishia ina wembe wa kukatia kitovu. Aliniambia, "Wembe nilikuwa nao, sista. Ruhusa ndiyo sikuwa nayo."

Simlaumu. Angelipasua na kijana akafa, ni nani angelisimama naye mbele ya jamaa, mbele ya polisi, mbele ya mwajiri wake? Ninyi waheshimiwa ndio mnaopaswa kulijibu swali hilo, na mlijibu kabla ya ajali nyingine.

Hilo la koo ndilo la kwanza ninaloliomba, na ndilo ninalolitetea kwa nguvu zaidi. Unapapasa kikoromeo, unateremsha kidole mpaka kwenye kishimo kidogo kilicho chini yake. Hapo kuna utando mwembamba tu kati ya ngozi na njia ya hewa. Unachoma kisu kwa upana, unakigeuza makali yakaelekea miguuni, unapitisha kijiti laini cha kuongozea, na juu ya kijiti unateremsha mpira mwembamba, namba 6. Ndivyo chama cha Uingereza cha madaktari wanaoshughulikia njia ngumu za hewa kilivyoelekeza mwaka 2015: kisu, kijiti, mpira, basi. Kabla ya hapo wengi walipenda kutumia sindano kwa kuwa inatisha kidogo kuliko kisu. Ukaguzi mkubwa uliofanywa hukohuko Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha sindano hiyo ikishindwa takriban mara 6 katika kila 10, na kisu ndicho kilichokuwa kikiokoa. Mtoto mdogo hapasuliwi hivi, koo lake halijakomaa, na mafunzo lazima yaliseme hilo waziwazi. Kwa mtu mzima ambaye uso umevunjika na mpira haupiti mdomoni, kisu ndiyo njia iliyobaki. Nchini Marekani, katika miji mingi, paramediki wanaruhusiwa kufanya kazi hii bila daktari kuwepo.

La pili ni ubavu. Mbavu zikivunjika na pafu likatoboka, hewa huvuja ndani ya kifua na kukosa pa kutokea. Inalikandamiza pafu, kisha inausukuma moyo wenyewe. Mhudumu aliyefundishwa huchoma sindano nene kifuani ili hewa itoke, na hiyo ni kazi yake ya kawaida, nisingeiita upasuaji. Taabu ni kwamba sindano hujikunja, huziba kwa damu, au haifiki kwa mtu mwenye mwili mkubwa. Hapo hupasuliwa upande, chini ya kwapa, kati ya ubavu wa nne na wa tano, na kidole kikaingizwa mpaka hewa itoke. Sharti lipo: ni kwa mgonjwa ambaye tayari anapulizwa hewa kwa mpira. Anayevuta pumzi mwenyewe ukimtoboa hivyo, tundu nalo litavuta hewa ya nje na utakuwa umemzidishia. Kwa hivyo naomba sindano iwe ya kila mhudumu aliyehitimu, na kisu cha ubavu kiwe cha wachache waliopimwa.

Kifua kizima siombi.

Najua wapo wataalamu watakaosema hilo ndilo lenye ajabu zaidi, na kweli lina ajabu. Helikopta ya matibabu ya London ilianza kazi mwaka 1989, na mwaka 1993 daktari wake alimfungua mtu aliyechomwa kisu cha moyo, nje ya hospitali, na mtu yule akapona. Mtu akichomwa hivyo, damu hujaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo, na moyo hukosa nafasi ya kutanuka. Wanapasua kutoka kwapa hadi kwapa, wanainua kifua, wanaufungua ule mfuko na kuziba tundu kwa kidole au kwa uzi. Mwaka 2011 walichapisha hesabu yao ya miaka 15: watu 71 walifunguliwa, 13 walipona, na 11 kati ya hao walibaki na akili zao timamu. Wengi wa madaktari wale hawakuwa wapasuaji. Kila nikiwafikiria vijana wa Kisauni na Likoni wanaochomwa visu na kukatwa mapanga, hesabu hiyo hunigusa, maana bila kisu wote 71 walikuwa wanazikwa.

Lakini kule kuna daktari kwenye timu, na kuna damu na thieta vinavyosubiri mwisho wa safari. Moyo ukianza kupiga, mgonjwa huyo anataka mpasuaji mara moja. Sisi tukianzia hapo tutakuwa tumeanza nyumba kwa kuezeka paa. Siku tutakapokuwa na daktari ndani ya gari na damu kwenye kisanduku cha barafu, nitaandika barua nyingine.

Najua litakalosemwa kwanza: hawa si madaktari. Afrika yetu ilishalijibu zamani. Tanzania ilianza mwaka 1963 kuwapandisha matabibu kuwa madaktari wasaidizi, na mikono yao imewapasua wajawazito wengi sana katika wilaya ambazo daktari bingwa hakukanyaga. Msumbiji ilianza mwaka 1984 kuwafundisha mafundi wa upasuaji ambao hawakusomea udaktari. Hapa Kenya maafisa wa kliniki waliobobea katika afya ya uzazi huwapasua kina mama wanaoshindwa kujifungua. Na kuanzia mwaka 2013, magharibi mwa nchi yetu, wahudumu wasio wataalamu wa nusukaputi walifundishwa kutumia ketamini, dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie maumivu, kwa upasuaji wa dharura pale ambapo mtaalamu hayupo. Kwa hivyo kumpa kisu mtu asiye na shahada ya udaktari si jambo geni kwetu. Tumelifanya kwa mafunzo na kwa kanuni, na watu wamepona.

Tofauti ipo, na siifichi. Afisa wa kliniki anapasua ndani ya nyumba yenye taa, na anapasua mara kwa mara. Mhudumu wa ambulensi huenda akapasua koo mara moja tu katika maisha yake ya kazi, usiku, kwa mwanga wa simu, jamaa wakilia mgongoni pake. Cheti cha miaka minne iliyopita hakitamsaidia. Mkono husahau. Ndiyo maana nataka mazoezi ya kila mara, na mazoezi yenyewe hayana gharama ya kutisha: koo la mbuzi au la kondoo kutoka buchani linafundisha vizuri, na hata vyuo vikubwa vya ng'ambo hutumia hilohilo. Kampasi ya Mombasa ya KMTC, chuo cha serikali kinachofundisha wahudumu wa afya, iko hapahapa. Asiyefanya mazoezi miezi kadhaa, ruhusa yake isimame mpaka apimwe tena.

Sasa la kina mama. Hapa naandika kama mkaazi wa Likoni.

Mjamzito akisimama moyo, tumbo lake hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na mnaweza kumkandamiza kifua mpaka mchoke bila damu kuzunguka. Kwa mimba iliyofika kitovuni, yaani kama wiki 20, kanuni inayofuatwa tangu mwaka 1986 ni ya dakika 4: ikipita hiyo bila moyo kurudi, apasuliwe hapohapo alipo, mtoto awe nje kufikia dakika ya 5. Watu wengi hudhani hilo hufanywa kwa ajili ya mtoto peke yake. Kumtoa mtoto humfungulia mama damu yake, na wapo akina mama waliorudi baada ya tumbo kuwa tupu. Sasa niambieni, dakika 4 hizo mtazipata wapi mkiwa kwenye foleni ya kivuko?

Katika hili simuombei ruhusa mhudumu aliye peke yake. Ninachokiomba ni kuligeuza wazo letu. Tumezoea kwamba kila mgonjwa mahututi wa kusini lazima avushwe kuja kisiwani. Hospitali ya Likoni iko upande wetu wa maji. Wekeni pale, usiku na mchana, afisa wa kliniki mwenye ujuzi wa kupasua wajawazito, mpeni gari na begi lililofungwa tayari, na simu ikipigwa atoke yeye kumfuata mgonjwa badala ya mgonjwa kusubiri kivuko. Na kila mhudumu wa Mombasa, hata wa cheti cha chini kabisa, afundishwe jambo moja lisilotaka kisu: mama huyo akikandamizwa kifua, mtu mwingine alisukume tumbo kwa mikono upande wa kushoto na asiliachie. Hilo linaweza kuanza wiki hii.

Kukata kiungo nako nakuogopa kuliko wengi mnavyodhani. Barabara ya Jomvu na Miritini tunaijua, lori linapogonga lori, utingo hubanwa miguu chini ya dashibodi na injini. Jengo la Kariakoo, Dar es Salaam, lilipoporomoka Novemba 16, 2024, watu walikuwa hai chini ya kifusi, na majengo yetu ya Mombasa si imara kuliko yale. Mara nyingi subira na mashine za kukatia chuma huuokoa mguu. Kiungo kilichobanwa saa nyingi kina hatari yake pia: kikiachiliwa ghafla, sumu na potasiamu iliyojikusanya humwagika kwenye damu na kuusimamisha moyo, kwa hivyo drip hutangulia kabla ya kuinua chuma. Ombi langu hapa ni kwamba daktari wa upasuaji apelekwe penye tukio, kwa namba moja inayojulikana, na mhudumu amtayarishie mgonjwa: mkanda wa kukaza juu ya jeraha, drip, dawa ya maumivu. Mhudumu asikate, ila kwa hali mbili tu. Ya kwanza ni kiungo kilichokwisha kukatika kikaning'inia kwa ngozi. Ya pili ni pale ambapo moto au maji yanakuja na hakuna atakayewahi.

Na kabla ya kisu chochote kuna vitu vidogo ambavyo bado havimo katika kila gari. Mkanda wa kukaza unaozuia damu ya mguu. Bandeji za kujazia jeraha. Tranexamic acid, dawa ya bei nafuu inayozuia damu iliyoganda kwenye jeraha isiyeyuke, ambayo utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, uliohusisha zaidi ya majeruhi 20,000 katika nchi 40, ulionyesha inapunguza vifo ikitolewa ndani ya saa 3 za kuumia. Ikicheleweshwa zaidi ya hapo inaweza hata kudhuru. Dawa ya namna hiyo ndiyo hasa ya ambulensi, wala si ya kusubiri faili lifunguliwe. Majeruhi wa barabarani wanaokufa kwa kutokwa na damu ni wengi kuliko wale wanaohitaji kupasuliwa koo, na mkitoa ruhusa ya visu huku magari hayana mikanda, mtakuwa mmenisikia vibaya.

Ugeni wa kifaa nao usiwadanganye. Kuna puto linaloingizwa kwenye mshipa mkubwa ili kuzuia damu ya tumbo na nyonga, na timu ya London ililitumia hata nje ya hospitali. Uingereza walilipima katika hospitali 16, wagonjwa 90, na matokeo yakatoka mwaka 2023: kati ya waliopangiwa puto walikufa asilimia 54, na kati ya wale ambao hawakupangiwa, asilimia 42. Jaribio likasimamishwa mapema. Kila mtakachokiruhusu Mombasa basi kiandikwe: nani alipasua, saa ngapi, wapi, mgonjwa aliishia vipi. Daktari mmoja akae na wahudumu kila mwezi wayapitie matukio yote, yaliyofaulu na yaliyoshindwa, bila vitisho. Bila daftari hilo, baada ya miaka miwili hatutajua kama tumeokoa watu au tumewaumiza.

Sheria iko upande wenu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Jedwali la Nne limeweka huduma za ambulensi mikononi mwa kaunti, kwa hivyo jambo hili halihitaji kusubiri Nairobi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inapoeleza matibabu ya dharura inataja na huduma ya kabla ya kufika hospitali. Kilichobaki kwenu ni mwongozo wa kaunti wenye sahihi ya daktari mkuu, unaosema mhudumu aliyefuzu akifanya moja, mbili, tatu katika hali hizi, amefanya kazi yake, na kaunti itamlipia wakili. Na wenzetu wa Wizara na wa Bunge: muuguzi ana baraza lake kwa sheria, afisa wa kliniki ana lake, daktari ana lake. Mhudumu wa ambulensi naye atambuliwe hivyo hivyo, asajiliwe, na akikosea ahukumiwe na watu wanaoijua kazi yake.

Upande wa hospitali sitaurefusha. Mwaka 2015 Nairobi, mgonjwa aliyegongwa na gari alizungushwa ndani ya ambulensi kwa saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na akafa. Mtu aliyepasuliwa koo Bombolulu akifika mlangoni kisha akaulizwa amana, kazi yote ya barabarani itakuwa bure. Mwongozo huo uzibane na hospitali zinazopokea, za umma na za watu binafsi.

Jamaa za wagonjwa nao wana haki ya kuambiwa mapema. Wapelekeeni maimamu, wachungaji, wazee wa mitaa na viongozi wa bodaboda habari hii kabla haijaanza, muwaonyeshe vifaa, muwaache waulize. Mtu akimuona kijana mwenye sare akimkata mwanawe koo, bila kuelewa, atamrukia, na mimi nisingemshangaa.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30. Naomba humo muwe na fungu la mikanda, dawa na vifaa vya koo kwa kila ambulensi, fungu la mazoezi pale KMTC, na mishahara ya maafisa wa kliniki wa zamu ya Likoni. Kabla ya hapo, iteni kikao kimoja: wahudumu wa ambulensi wenyewe, madaktari wa dharura, wasimamizi wa kivuko na mwanasheria wa kaunti. Wahudumu wazungumze wa kwanza. Nitafurahi kuwepo, na nikikosa nafasi, nitangoja jibu lenu kwa maandishi.

Wenu katika utumishi,

Muuguzi wa idara ya dharura,
Likoni, Mombasa